Toleo Lililomfungia Mkunga Nje

Mwanangu Riziki,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuandikia wakati umekwenda Wingwi kwa shangazi yako kuaga, na baba yako yuko uani analifunga sanduku lako kwa kamba kwa sababu haiamini zipu. Nina nafasi mpaka adhana ya magharibi. Baada ya hapo nyumba itajaa watu, na kesho njiani kwenda Mkoani hatutasema kitu cha maana. Mimi najijua, nikiona boti nitalia tu.

Mambo ya kula na kulala na kuchagua marafiki, shangazi yako atakuwa keshakumalizia. Mimi nataka turudi kwenye maneno ya juzi.

Juzi baada ya chakula cha mchana uliniletea laptopu jikoni ukaniambia, "Mama, nitazamie Kiswahili chake. Ndiyo kazi ya kwanza waliyonipa." Nilifurahi, ingawa uso wangu huwa hausemi. Kampuni iliyokuajiri huko Dar inatunza programu huria, ya bure, ambayo watu huitumia kuingilia mifumo yao: inakuuliza wewe nani, inahakikisha, kisha inakufungulia. Na wamekupa uandae maelezo ya toleo jipya, yaani ule ukurasa unaowaambia watu kitu gani kimebadilika kabla hawajaliweka kwenye mashine zao. Kazi ile ile aliyoifanya mama yako miaka yote. Nikavaa miwani. Kiswahili chako kilikuwa safi. Mstari wa mwisho ulisema, "Maboresho madogo ya usalama."

"Kimeboreshwa nini hapa?" nikauliza.

Ukasita. Halafu ukanieleza kwamba katika toleo la sasa mtu akibonyeza "Toka" anaona kama ametoka, lakini kwa kweli hajatoka. Anayeishika simu ile baada yake anaweza kuendelea kwa jina lake.

"Na hilo ni dogo?"

"Si mimi, Mama. Wameniambia nisilitaje."

"Nani kakwambia, na kazi hujaanza?"

"Ndiyo maana siwezi kubisha."

Hapo nikakwambia, "Basi usianze." Ukaifunga laptopu taratibu, na tangu hapo tunapitana humu ndani kama wapangaji.

Hukunielewa kwa nini nilikuwa mkali, na huna lawama. Unajua kwamba niliwahi kugombana na Yasini, mkuu wetu wa kazi, lakini wakati ule ulikuwa unasoma na kukaa Chake, na ulipokuja likizo nilikwambia ni mambo ya kazi. Nataka ujue yote kabla hujaondoka.

Unakumbuka nilivyoingia. Nilikuwa mwalimu wa skuli hapa Micheweni, sijui hata mstari mmoja wa kuandika programu, na sijui mpaka leo. Yasini na wenzake wa Dar walikuwa wameanza programu yao ya Bawabu, wakatafuta mtu wa kuyatia Kiswahili maneno ya kwenye kioo. "Ingia." "Umesahau nywila yako?" Nikawatilia. Kisha wakaona kwamba maelezo ya matoleo yao hayasomeki, kwa sababu waliyaandika kana kwamba wanazungumza na mashine, wakanipa na hayo. Yasini alikuwa mratibu wa kazi yote. Mtu mwema. Usije ukamfanya shetani katika habari hii, maana si yeye.

Bawabu akakua. Vyuo vikamchukua, vyama vikamchukua, na zahanati moja ya kusini mwa kisiwa hiki ikamchukua, anayofanya kazi Bi Subira. Bi Subira unamjua kwa sura: nimekua naye hapa hapa, akaolewa kule, akawa mkunga. Simu yake ya kazini ilikuwa na mafaili ya wazazi wote, wajawazito na waliojifungua, anaowahudumia, na aliyekuwa akilinda mlango wa mafaili hayo ni Bawabu wetu.

Basi siku moja akatuandikia mtu tusiyemjua. Aliandika kwa adabu. Alisema ameona kasoro. Mtu akisahau nywila, Bawabu humtumia kiungo cha kuweka nyingine. Kiungo kile, ukilibadilisha jina lililo mwishoni mwake, kilikubali kubadili nywila ya mtu mwingine yeyote. Yaani mimi ningeweza kuomba kiungo changu, nikaandika jina la Bi Subira, nikaingia kama Bi Subira. Alisema anatupa muda wa kutengeneza, kisha atalitangaza kwa kila mtu, kwa sababu watu wana haki ya kujua.

Vijana wakaanza kutengeneza usiku na mchana. Na sote tukakubaliana kunyamaza. Hilo nataka ulielewe vizuri, Riziki, kwa sababu juzi uliniambia kwamba kila mtu katika kazi hii hunyamaza. Ni kweli. Kasoro haitangazwi kabla dawa yake haijawa tayari, la sivyo unawaonesha wezi mlango usio na kitasa. Nilinyamaza na mimi, na ilinitafuna.

Katika siku hizo hizo palikuwa na arusi hapa kwa akina Hamad, na Bi Subira akaja. Tulikaa mkeka mmoja. Kikombe cha kahawa mkononi, simu yake ikalia, akaitazama, mwenziwe wa zamu alikuwa anamuuliza habari ya mzazi mmoja. Akaingia pale pale mbele yangu, akajibu, akaifunga. Akanigusa goti akasema, "Bawabu wenu huyu, Mize, kanipumzisha. Zamani mafaili yakilala kwenye kabati na ufunguo kila ntu anao."

Nikasema alhamdulillah. Ningesema nini? Nilimjua kila mwanamke pale uani aliyekuwa na faili katika simu ile. Kisiwa hiki unakijua. Siri ya mtu ikitoka asubuhi, alasiri inakungojea sokoni. Nilikunywa kahawa yangu na sikuisikia ladha yake.

Dawa ikapatikana. Ikabaki kuandika maelezo ya toleo, nami nikaandika kama nilivyoona: kwamba kuna kasoro inayomwezesha mtu kuingia kwa jina la mwingine, na kwamba ni lazima kila mwenye Bawabu aweke toleo jipya mara moja.

Yasini akanipigia. Wakati ule kulikuwa na taasisi moja kubwa inayotaka kumchukua Bawabu kwa nchi nzima, na mazungumzo yalikuwa yamefika ukingoni.

"Bi Mize, shikamoo. Nimesoma. Hii 'lazima' inatisha."

"Marahaba. Jambo lenyewe linatisha, Yasini."

"Najua. Lakini wao watasoma mstari huu tu. Watasema tumeuza mlango mbovu. Vijana wote hawa wamejitolea miaka, leo ndiyo tunaonekana. Nakuomba, tuseme 'maboresho ya utaratibu wa kubadili nywila'."

"Hapana."

"Basi tukutane katikati."

Tukakutana katikati, mwanangu. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikiwa macho, nikijiona nina hekima. Tukaandika kwamba toleo lina "marekebisho muhimu ya usalama katika kubadili nywila" na kwamba kuliweka "kunashauriwa." Nikajiambia, mwenye akili atajua. Nimefundisha lugha muda mrefu sana, najua vizuri tofauti ya neno linalosukuma na neno linalobembeleza, lakini nililiacha lile la kubembeleza kwa sababu Yasini alikuwa amechoka na mimi nilimhurumia.

Kulikuwa na jambo la pili. Kwa vile hatukujua nani keshaingiliwa, toleo jipya lilikuwa linamtoa nje kila mtumiaji, papo hapo, na kumtaka aweke nywila mpya kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Hili nililiandika. Niliandika kweli tupu. Lakini niliandika chini kabisa ya ukurasa, chini ya kichwa cha "Mengineyo", baada ya habari za rangi ya vitufe.

Toleo likatoka. Siku hiyo hiyo nikampigia Omar, kijana anayetazama kompyuta za zahanati ile. Sasa nilikuwa na ruhusa ya kusema.

"Umeliona toleo jipya, mwanangu?"

"Nimeliona, Bi Mize. Nitaliweka nikipata nafasi, nafikiri mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi?"

"Si mumeandika linashauriwa? Mimi hata daktari ananishauri nipunguze sukari." Akacheka, na simu ikakatika, mtandao wa huko unaujua.

Nilijaribu tena, haikushika. Asubuhi ya pili yake nikapanda gari mpaka Chake, nikapanda na nyengine ya kusini, nikiwa nimebanwa kati ya magunia ya muhogo, na njia nzima nasema moyoni: yule aliyeiona kasoro anaitangaza karibuni, na mwengine huenda keshaiona na hakutuandikia. Nilifika nimelowa jasho. Omar alikuwa kwenye kijichumba chake karibu na chumba cha dawa. Nikamwambia kwa Kiswahili cha nyumbani kitu gani hasa kinaweza kufanyika. Nilimwonesha kwa jina langu mwenyewe. Akaacha kucheka.

"Mbona hamkuandika hivi?"

Nikasema, "Liweke sasa hivi, Omar. Mbele yangu."

Akaliweka. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikafungua mtandio kidogo nipate upepo, na Mungu anisamehe, nilikuwa najipongeza.

Kisha sauti ikatoka chumba cha kuzalishia. "Omar! Imentoa! Omar, simu imentoa!"

Ilikuwa Bi Subira. Alikuwa na mzazi, msichana mdogo aliyeletwa kutoka shamba kwa pikipiki, kaletwa na wifi yake ambaye ndiyo kwanza kaolewa katika nyumba ile na hajui lolote. Kadi ya kliniki ilikuwa imesahaulika nyumbani. Mtoto alikuwa ameshatoka na alikuwa analia vizuri, lakini mama yake damu ilikuwa haikatiki, na alikuwa amezimia.

Siku zote simu ya Bi Subira huwa imeshaingia, na mafaili yamo ndani yake hata mtandao ukikatika. Amri ya kumtoa ilimfikia kupitia kompyuta ya zahanati, lakini sasa simu ilikuwa inataka namba ya siri, na namba haiji bila mtandao wa simu, na mtandao huo ndani ya chumba kile haufiki.

Omar alisimama mlangoni, haruhusiwi kuingia, anarudia tu, "Sikujua kama kuna mzazi, Bi Subira, wallahi sikujua." Nikampita. Bi Subira mikono yote miwili ilikuwa kazini. Aliponiona hakushangaa wala hakunisalimia.

"Mize. Ichukue simu hino, nenda nje pale ukutani, ndipo inaposhika. Huyu kuna sindano ilimdhuru uzazi wa mwanzo, miye nimeiandika kwa mkono wangu. Ipi, siikumbuki. Nina mbili hapa. Nenda!"

Nikatoka mbio. Nilisimama kwenye ukuta wa matofali, jua la mchana kichwani, mkono juu kama mtoto anayetaka kujibu swali darasani. Watu waliokuwa wamekaa uani wananitazama. Dirishani sauti ya Bi Subira: "Imeingia?"

"Bado!"

Ikaingia. Nikaiandika ile namba, simu ikasema muda wake umekwisha, omba nyengine. Nikaomba. Nikangoja. Sijui nilingoja kiasi gani, najua tu kwamba nilisoma ayatul kursiy na nilikuwa nachanganya. Ikaja. Ikakubali. Kisha ikanitaka niweke nywila mpya, nikaandika "subira", na kioo kikaniambia: "Nywila hii ni dhaifu. Tafadhali chagua nyingine."

Maneno hayo niliyaandika mimi, Riziki. Nakumbuka jioni niliyoyaandika, hapa hapa mezani, nikaongeza ile "tafadhali" nikaona nimefanya jambo la ustaarabu. Nilisimama pale nikautazama ule uungwana wangu, na nyuma ya ukuta kuna mtu anatokwa na damu.

"Mize!"

"Bado! Nakuja!"

Nikaandika herufi zozote na tarakimu zozote nilizozifikia. Ikafunguka. Nikalitafuta jina. Na ili kulipata lile onyo nilipita kwanza kwenye mambo mengine ya yule msichana, mambo ambayo huenda hata mama yake mzazi hayajui, na hapa siyaandiki. Mimi niliyevuka kisiwa kizima ili mgeni asisome faili la mwanamke, nikawa ndiye mgeni. Onyo lilikuwepo. Sikutaka kulitaja kwa sauti mbele ya watu, nikakimbia ndani, nikamwekea Bi Subira kioo mbele ya macho.

Akakiangalia. Kwenye sinia palikuwa na sindano mbili; moja alikuwa keshaivuta tayari. Aliisukuma hiyo kando kwa kiwiko, akachukua ya pili.

Sijamuuliza mpaka leo kama angeichoma ile. Hakunambia, na mimi sitaki kujua.

Yule msichana alifumbua macho kabla ya alasiri. Mzima yeye na mtoto, na baadaye walipelekwa hospitali kubwa wakaongezwa damu. Wasingepona, nisingekuwa na ujasiri wa kukuandikia barua hii, na wala usingenikuta kwenye kazi ile.

Bi Subira alitoka akaenda kunawa kwenye bomba la nje. Nilimfuata nikasimama nyuma yake. Nilitaka kuomba radhi, sikujua naanzia wapi, kwa sababu kasoro nilikuwa naijua tangu ile arusi, na toleo nililileta mimi. Nikamwambia vyote viwili. Alinawa mpaka akamaliza. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi," akasema, "na weye ukijua, ukala pilau na miye."

"Nisingeweza kusema, Subira. Haikuwa tayari."

"Sawa. Hilo nalifahamu, hata siye tuna yetu hatuyasemi. Na leo mkaja mkaufunga."

"Tukaufunga."

"Miye ndani, mkono uko kwa ntu." Akafunga bomba. "Mize, hata mgeni wa kuomba moto hupiga hodi. Nyiye mnaingia nyumba za watu mkafunge milango, hodi hampigi?"

Kisha akarudi kwa mzazi wake. 

Nilikaa pale pale kwenye ngazi, nikafungua simu yangu. Wakati ule nilikuwa bado na ruhusa ya kuhariri maelezo yaliyokwisha kutoka. Nikafuta yote ya juu. Mstari wa kwanza nikaandika: "Kabla hujaweka toleo hili, hakikisha hakuna anayehudumiwa kwa wakati huo. Kila mtumiaji atatolewa nje, na hataweza kurudi bila mtandao wa simu." Wa pili: "Ni lazima uliweke leo. Ukichelewa, mtu yeyote anaweza kuingia kwa jina la mwingine na kusoma aliyonayo." Rangi za vitufe nikazipeleka mwisho. Sikumwuliza Yasini. Nikabonyeza.

Alinipigia nikiwa kwenye gari ya kurudi.

"Bi Mize, umetuanika."

Nikamsimulia. Gari linapiga kelele, nikawa napaza sauti kuhusu damu na sindano, abiria wote wamenigeukia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole sana. Lakini ungenipigia mimi kwanza." Na katika hilo alikuwa na haki, kwa sababu mimi nilikuwa nalalamika kwamba watu hawapigiwi hodi.

Siku ya pili yake nilijaribu kuingia kwenye ukurasa, nikakuta ruhusa yangu imeondolewa. Ile taasisi kubwa ilijitoa. Vijana wawili walioniita "mama" tangu siku ya kwanza waliacha kujibu salamu zangu. Nilikaa miezi sina kazi ile, nikawa nakwenda pwani kwenye mwani na akina shangazi yako, na ukinipigia kutoka Chake nakwambia niko salama.

Yule mtu akatangaza kasoro yake kama alivyosema. Sehemu nyingi zilikuwa zimeshaweka toleo. Si zote. Chuo kimoja kiliingiliwa, wakatuandikia, na hawakuuliza kuhusu yale maneno yangu makali ya mwisho. Waliuliza kwa nini siku ya kwanza tulisema "kunashauriwa". Yasini alinipelekea barua yao bila ya kuongeza neno lake. Baadaye sana akanipigia, akaniamkia, kisha akasema, "Toleo jipya liko karibu. Hakuna anayejua kuyaandika." Nikamwambia nitarudi kama habari ya kitakachomuuma mtu itakaa juu kabisa, na kama kabla ya kila toleo tutampigia mtu mmoja anayelitumia tumuulize saa gani anaweza kufungiwa. Akasema, "Nilidhani nawalinda vijana, Bi Mize." Nikamwambia, "Na mimi nilidhani nakulinda wewe, Yasini." Tukarudi kazini. Ile taasisi haikurudi tena.

Sasa tuje kwako. Nimefikiri tangu juzi, na sina hakika. Mimi nilikuwa na nyumba, nina mume, hakuna aliyekuwa na uwezo wa kunitoa njaa au kunitia njaa. Wewe unakwenda mji usio na ndugu, kazi yenyewe mwanzo, na bosi ambaye hujamwona uso. Nisijifanye kwamba ujasiri wangu wa kwenye ngazi ya zahanati na wako utakaoutafuta huko ni bei moja. Na huenda wana sababu ya kunyamaza. Huenda dawa haijakamilika. Uliza hilo kwanza, kwa heshima, kabla hujamhukumu mtu. Mimi juzi sikukuuliza wewe, nikakuhukumu.

Lakini kama dawa iko tayari, na toleo linatoka, na bado wanasema usitaje, basi mfikirie mtu mmoja. Usifikirie "watumiaji". Watumiaji hawana uso na ni rahisi kuwaandikia "maboresho madogo". Mfikirie mtu anayeazima simu ya jirani kuangalia majibu yake ya hospitali, anabonyeza "Toka", anairudisha kwa shukrani, anakwenda zake akiamini ametoka. Mwandikie yule. Mwambie nini kilikuwa kibovu, afanye nini, na lini. Ukiweza kuyasema hayo bila ya kumwaibisha mwenzako wa kazi, yaseme hivyo, maana aliyekosea naye ana mama yake.

Wakikataa, waombe wakuandikie wao sababu, utajua mengi kwa wanavyoiandika. Na wakikutaka mkutane katikati, tazama hiyo katikati iko juu ya mgongo wa nani. Hapo sikusaidii zaidi. Utaamua mwenyewe, na nyumba hii haitakuuliza kama umerudi umeshinda au umeshindwa.

Toleo lenu likitoka nitaweza kuyasoma maelezo yake, ni programu huria, hayafichiki. Nilitaka kukuahidi kwamba sitayasoma. Ningekuwa muongo. Nitayasoma. Lakini sitakupigia simu kukuuliza. Ukitaka kunieleza utanipigia wewe, na kama niko kwenye mwani baba yako ataniletea simu mpaka majini, unamjua.

Neno moja limebaki. Nilikwambia usianze. Lilikuwa neno la hofu, si la mama mwenye kufikiri. Nikikuzuia, mstari ule utaandikwa hivyo hivyo, na ataandika mtu asiyesita. Wewe ulisita, Riziki. Nilipokuuliza kimeboreshwa nini, ulisita kabla ya kunijibu, nami sikukupa haki yako kwa kusita kule.

Basi nenda ukaanze. Uanze kwa bismillahi, na ukifika uniambie umefika, hayo mengine yatafuata. Mungu akufungulie kila mlango wa kheri na akufungie wa shari, na akutie huruma mkononi kabla ya kukutia maarifa.

Baba yako ananiita nikashike ncha ya kamba.

Mama yako,
Mize